Nyumba Njema Si Mlango: Msiitoe Matumbo Jukiboksi ya Mzee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika jarida letu niseme jambo ambalo nilishindwa kulisema sawasawa kwenye mkutano mkuu, maana dakika tatu nilizopewa ziliishia kwenye kelele na vicheko. Jambo lenyewe ni ile jukiboksi iliyo kwenye stoo ya ukumbi wetu, aliyotuachia marehemu Mzee wetu wa Mombasa pamoja na masanduku mawili ya santuri. Kamati imependekeza ifunguliwe, mtambo wake wa ndani utolewe na kuuzwa, kisha itiwe kompyuta, kioo cha kugusa na spika za kisasa. Wanasema hivyo ndivyo itakavyokuwa na faida. Kura itapigwa mkutano ujao.

Mimi napinga, tena kwa nguvu zote. Naomba nieleweke. Sina ugomvi na Mwenyekiti wala Katibu, ambao ni ndugu zangu na wanaitumikia jumuiya hii bila mshahara. Wala sisemi hivi kwa sababu ya kupenda vitu vikuukuu. Nasema kwa sababu tunataka kufanya kitendo kisichoweza kurudishwa nyuma, na wengi wa watakaonyoosha mikono siku hiyo hawajawahi kuifungua ile mashine wakaona kilichomo.

Tuna nini hasa?

Kwa faida ya vijana wetu, jukiboksi ni sanduku la muziki la kulipia. Unatia sarafu, unabonyeza herufi na namba, nayo inakutafutia santuri uliyoitaka na kuicheza. Ya Mzee ni Seeburg M100C, iliyotengenezwa hapa hapa Chicago mwaka 1952. Ndani mna santuri 50 za mizunguko 45 kwa dakika, zimesimama wima kwenye rafu kama vitabu. Kwa kuwa kila santuri ina pande mbili, nyimbo ni 100. Kigari kidogo hutembea kwenye reli kando ya rafu. Kikifika penye santuri iliyoitwa husimama, santuri huchomolewa na kubanwa, huzunguka ikiwa imesimama vilevile wima, na sindano huweza kusoma upande wowote bila kuigeuza. Hakuna kompyuta hata moja mle. Ni gia, mota, swichi na sumaku za umeme tu. Tena wenyewe waliweka kioo mbele makusudi, ili watu waone kazi ikifanyika.

Huo mtambo haukuja kwa siku moja. Tarehe 23 Novemba 1889 Louis Glass aliweka mashine ya Edison ya kutia sarafu katika baa ya Palais Royale, San Francisco, na wateja walisikiliza kwa kutega masikio kwenye mirija. Zaidi ya nusu karne baadaye, mwaka 1946, ilitoka Wurlitzer 1015, ile yenye viputo vinavyopanda kwenye mirija ya rangi, ambayo hadi leo ndiyo sura anayoijua kila mtu anaposikia neno jukiboksi. Kwa uzuri wake wote, ile ilikuwa na nyimbo 24. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Seeburg wakaja na mtambo huu wa nyimbo 100, na mwaka 1950 wakautengeneza ucheze santuri ndogo za mizunguko 45, zilizokuwa zimeingia sokoni mwaka mmoja kabla. Kwa maneno mengine, sifa ya Seeburg haikuwa mbao, wala taa, wala chuma kinachong'aa. Sifa yake ilikuwa huo mtambo. Na sisi ndio huo huo tunaotaka kuutoa, tubaki na kabati.

Waswahili wamesema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kamati imependa mlango.

Kosa langu mwenyewe

Sisemi haya kama mtu asiye na dhambi. Mimi mwenyewe niliwahi kuua moja. Mwaka 2003 nilinunua Rock-Ola ya miaka ya 1960 kwa bwana mmoja aliyekuwa anasafisha gereji yake. Ilikuwa ikiunguruma bila kusogea. Mimi na rafiki yangu tukachukua bisibisi na msumeno, tukautoa mtambo wote, tukauweka kando ya barabara siku ya takataka. Ndani tukatia mashine ya CD na taa za rangi. Wageni waliisifu kwenye sherehe mbili. Mwaka wa tatu ile mashine ya CD ikafa, na sanduku likawa kabati la viatu vya watoto.

Siku moja Mzee alikuja kututembelea. Aliliona, akafungua mlango wa nyuma, akakuta viatu. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Mwanangu, ilikuwa inaumwa nini?"

Sikuwa na jibu, maana sikuwahi kuuliza. Ndipo akanieleza kwamba ugonjwa wa kwanza wa mashine hizi ni grisi. Grisi ya kiwandani ikikaa miaka mingi hugeuka ngumu kama gundi, mota ikashindwa kuzungusha gia, na mtu asiyejua akilazimisha ndipo gia zinapovunjika kweli. Dawa yake ni kufungua, kuosha, kupaka grisi mpya na kurudisha. Kazi ya mwisho wa wiki moja au mbili. Mimi nilitupa mashine kwa sababu ya uchafu.

Tangu siku hiyo nikawa naenda kwake Jumamosi, yeye akiwa na miwani yake miwili, mmoja juu ya mwingine, mimi nikishika tochi. Aliyoyajua kama fundi wa redio Mombasa aliyaleta hapa, akayatumia kwenye mashine ya Kimarekani, na yale machache ninayoyajua ni yake.

Hoja za Kamati

Nimezisikiliza hoja zote nne, na nitazijibu moja moja.

Hoja ya kwanza ni gharama. Nimempa Mweka Hazina hesabu kwa maandishi. Kinachohitajika ni kapasita mpya kwenye kikuza sauti, kwa sababu zile za karatasi na za elektroliti huharibika kwa umri hata kama mashine haikutumika. Zinahitajika raba mpya, maana zile za zamani zimekauka kama mawe. Sindano mpya. Kusafisha swichi na vichwa vya nyaya. Kuosha gia na kupaka grisi. Valvu tutazipima kwanza, huenda nyingi bado ni nzima. Vipuri vyote havifiki dola 400, na kazi nitafanya bure. Kompyuta, kioo na spika zilizopendekezwa ni dola 1,100. Kwa hiyo tusiambiane kwamba tunakimbia gharama.

Hapo hapo naomba jambo moja la usalama. Baada ya mkutano kuna ndugu aliyeichomeka kwenye umeme "ajaribu tu". Tafadhali asirudie mtu. Mashine iliyokaa miaka bila kufanya kazi ikichomekwa ghafla, kapasita mbovu inaweza kuunguza transfoma, na transfoma ndicho kipuri kigumu kupatikana. Zaidi ya hayo, ndani ya kikuza sauti mna mamia ya volti, na kapasita inaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Ule ni umeme wa kuua.

Hoja ya pili ni kwamba mafundi hakuna. Ni kweli hawako kila mtaa, lakini vitabu vya ufundi vya Seeburg vyenye mchoro wa kila waya vinapatikana hadi leo, na kuna karakana ndogo hapa Marekani zinazotengeneza upya raba, sindano na seti za kapasita za mashine hizi hizi. Kila kitu mle ndani kinaonekana kwa macho na kushikika kwa mkono. Kikivunjika kinaweza kulehemiwa, kuchongwa au kubadilishwa. Sasa nami niulize, hicho kioo cha kugusa kikifa baada ya miaka saba, na kampuni iliyokitengeneza ikasema hakina tena programu, tutampelekea nani? Mashine iliyokwisha kupita miaka sabini na bado inatengenezeka, tunataka kuifukuza kwa kifaa ambacho wote tunajua kitatupwa.

Na hilo la mafundi kutokuwepo, dawa yake ni kuwafundisha. Tunao vijana humu wanaosoma uhandisi ambao hawajawahi kushika chuma cha kulehemia. Wanajua umeme wa kwenye karatasi. Mashine ya Mzee ni darasa lililotufikia mlangoni bila ada.

Hoja ya tatu ni kwamba nyimbo 100 hazitoshi, na kompyuta inaweza kucheza mamilioni. Ndugu zangu, hayo mamilioni mbona tunayo tayari? Kila mmoja wetu anayo mfukoni. Tukitia simu nyingine ndani ya sanduku la Mzee tutakuwa tumeongeza nini? Angalieni sherehe zetu zilivyo. Mmoja anaunganisha simu yake na spika, wimbo haujafika katikati mwingine anaubadilisha, anakuja wa tatu mwenye simu ya gharama zaidi, na wazee wanakaa pembeni wakingoja muziki wao ambao hauji.

Jukiboksi ina adabu yake. Mashine ile ya Seeburg haichezi kwa kufuata nani alibonyeza mwanzo. Kigari kinapita kwenye rafu, na kila santuri iliyoitwa inachezwa kikiifikia. Ukiwa mkubwa, ukiwa mdogo, ukiwa Mwenyekiti, utangoja kigari. Na unapongoja wako, unasikiliza wa mwenzako mpaka mwisho. Mimi nimeujua muziki wa wazee wengi wa jumuiya hii kwa njia hiyo, kwenye chumba cha chini cha nyumba ya Mzee, nikiwa nangoja wangu ufike.

Hoja ya nne ilisemwa kwa sauti ya chini, lakini ilisemwa, kwamba hiyo ni mashine ya baa, haifai mbele ya watoto. Siwezi kukataa ilikotoka. Wanaisimu wengi wanalihusisha neno lenyewe "juke" na Kigullah, lugha ya wajukuu wa Waafrika waliofanywa watumwa kwenye pwani ya kusini ya Marekani, na kupitia Kigullah na lugha za Afrika Magharibi. Vibanda vya juke vilikuwa mahali ambapo watu weusi walikunywa, walicheza na kusikia muziki wao, wakati ambapo redio nyingi hazikutaka kuupiga. Mwaka huo huo wa 1952, katika mji huu huu wa Chicago, Little Walter alirekodi wimbo wa kinanda cha mdomo ulioitwa "Juke", ukafika kileleni kwenye orodha ya muziki wa watu weusi ya gazeti la Billboard. Santuri yake inacheza kwenye mashine kama hii yetu. Sisi tuliokuja juzi kwa ndege tumewakuta watu hao hapa, na tunakaa mitaa waliyoifungua wao. Kuitambua historia yao si kuwafundisha watoto ulevi.

Wala sidai kwamba historia ya mashine hizi ni safi. Biashara yake iliingiliwa sana na majambazi, na bunge la Marekani lililichunguza jambo hilo miaka ya 1950. Tena sheria ya hakimiliki ya mwaka 1909 iliwaacha wenye jukiboksi wacheze nyimbo bila kuwalipa watunzi, na hali hiyo ilidumu mpaka sheria mpya ilipoanza kazi mwaka 1978. Watoto wetu waambiwe na hayo pia. Lakini huwezi kumweleza mtoto historia ya kitu ambacho umekitoa matumbo.

Santuri za Nairobi

Nije sasa kwenye yale masanduku mawili, ambayo Kamati haikuyataja kabisa kwenye pendekezo lake. Ndani mna santuri za miaka ya 1960 na 1970, nyingi zimetolewa Nairobi. Enzi hizo bendi za Kenya na za Tanzania zilitegemea santuri za mizunguko 45, na kwa kuwa upande mmoja hauchukui zaidi ya dakika chache, wimbo mrefu uligawanywa, sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili upande wa nyuma. Wenye umri wangu wanakumbuka. Upande wa kwanza ni maneno na kisa, upande wa pili magitaa yanachemka na watu wanasimama. Kwenye jukiboksi ilibidi uulipie wimbo mara mbili. Usipokuwa na sarafu ya pili, unabaki na kisa kisicho na ngoma.

Hapa nitawashangaza wanaodhani mimi ni adui wa kompyuta. Santuri hizo zisitiwe zote kwenye jukiboksi. Mashine ya Kimarekani inataka tundu kubwa la milimita 38 katikati, na baadhi ya santuri za Mzee zina tundu dogo la milimita 7, kama za gramafoni ya nyumbani. Ili zikae kwenye jukiboksi ni lazima zikatwe. Wako watu wanaokata bila kujali. Mimi sikati santuri ambayo huenda zimebaki chache duniani. Na mkono wa sindano wa mashine za zamani ni mzito, hula mifereji kidogo kidogo. Kwa hiyo zile adimu zichezwe mara moja kwenye mashine nyepesi, zirekodiwe kwenye kompyuta, zihifadhiwe mahali pakavu zikiwa zimesimama. Hiyo ndiyo kazi ya kompyuta. Zile ambazo nakala zake ni nyingi, na ambazo tundu lake linafaa, hizo ndizo za kutia kwenye Seeburg zichezwe mpaka zichoke.

Yaani kila chombo kifanye kazi yake. Na kama kuna siku tunahitaji kutumia simu kwenye sherehe, inawezekana kuunganisha simu na kikuza sauti kwa kifaa cha pembeni, bila kukata waya hata mmoja wala kutoa gia hata moja. Siku ikitakiwa kitolewe, kinatoka, na mashine inabaki ilivyokuwa. Hilo nalikubali bila ubishi.

Nasi wapenzi wa mashine tuna makosa

Ili niwe mwadilifu, niseme na upande wa pili. Katika sisi tunaozipenda mashine hizi wako wanaonunua, wanapeleka chuma kikang'arishwe upya, wanatia mbao mpya na taa mpya, kisha wanaiweka sebuleni na kamba mbele yake. Haichezwi. Watoto wanaambiwa wasiguse. Huko nako ni kumpamba maiti, hakuna tofauti na kutoa mtambo. Mashine ya Mzee ina mikwaruzo upande wa kulia, pale watu walipokuwa wakiegemea. Mimi nashauri mikwaruzo ibaki, na fedha yote iende ndani.

Vilevile sisemi kila mashine iokolewe. Ziko zilizozama kwenye mafuriko, mtambo umeoza kwa kutu. Hizo zikubaliwe zimekufa, vipuri vizima vitolewe kuokoa nyingine, na kabati lifanywe lolote. Lakini maiti hutangazwa baada ya kupimwa. Ya Mzee haijapimwa na mtu. Mimi nimemulika tochi tu kwa nyuma, nikaona gia nzima, nyaya nzima, na grisi nyeusi iliyoganda. Ugonjwa ule ule niliotupia takataka mwaka 2003.

Ninachoomba

Naomba kura iahirishwe kwa Jumamosi nane. Nipeni ufunguo wa stoo, meza moja, na vijana wawili, awe wa kike au wa kiume, wasiojua chochote. Nitaleta vyombo vyangu. Jumamosi ya kwanza tutafungua na kupiga picha kila waya kabla ya kugusa. Fedha ya vipuri naomba ikopeshwe na jumuiya. Mashine isipocheza ifikapo Jumamosi ya nane, nitairudisha kutoka mfukoni mwangu, na mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono kuunga mkono pendekezo la Kamati.

Ikicheza, basi santuri ya kwanza achague mjane wa Mzee. Yeye anajua namba yake bila kutazama karatasi.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Naomba wajumbe mlitafakari neno hilo kabla ya kuja kupiga kura, na kama mna nafasi, mpite stoo mkaitazame kwa macho yenu. Njooni na tochi. Msiichomeke.

Wasalaam,

Mwanachama wenu, fundi wa Jumamosi